Mdomo Wangu na Klarineti za Wazee Wawili

"We baba, hebu simama! Si ndiye wewe?"

Mama mmoja anayepiga pasi nguo za watu pale kona alinyanyua pasi yake ya mkaa kunizuia njia, na mtu mwenye akili hapishani na pasi ya moto. Nikasimama.

"Ndiye mimi nani, mama?"

"Yule wa gazetini. Fundi Lenzi, mwenye mdomo usio na breki." Akanipima kuanzia viatu hadi kichwa. "Mkeo karudi?"

"Bado."

"Arudi afuate nini? Mtu umepata kazi kwenye bendi ya mji, unavaa sare yenye vifungo vya shaba, halafu siku ya mgeni rasmi unasimama mbele ya kadamnasi unamwambia kiongozi wako kwamba klarineti ya marehemu baba yake ni nusu mbili za klarineti mbili! Ulikuwa umelogwa?"

"Lakini ndivyo ilivyo, mama. Alama zake..."

"Alama zinakupikia? Alama zinakufulia?"

Wateja wake wakaangua kicheko. Mmoja akasema hata yeye asingerudi.

Basi kama wiki iliyopita hukununua gazeti, mama wa pasi ameshakuhadithia yote, tena kwa ufupi kuliko ninavyoweza mimi. Jasho la gwaride lilikuwa halijanikauka nilipovuliwa sare. Nikafika nyumbani nikitafuta wa kunionea huruma, nikamkuta mke wangu anafunga begi.

Hakunitukana. Angenitukana ningejua la kujibu. Alisema tu: "Siondoki kwa sababu ya kazi. Kazi zinapotea, zinapatikana. Naondoka kwa sababu nimechoka kuishi na mtu ambaye hawezi kuona kitu akanyamaza."

Akaenda kwa baba yake.

Na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo, nauungama mbele yenu. Wengine wanalewa, wengine wanacheza kamari. Mimi nasoma klarineti.

Klarineti kuukuu ni mpingo uliochongwa vipande vitano, na kiwandani vipande hivyo vinagongwa mihuri. Ukijua kuisoma mihuri ile, klarineti haiwezi kukudanganya umri wake, hata ipakwe mafuta ing'ae vipi. Kiwanda kilichoiuzia bendi yetu ya zamani kilikuwa na nembo ya ndege. Miaka ya mwanzo ndege huyo alikuwa amefunga mbawa. Baadaye mwenye kiwanda akafariki, mwanawe akashika usukani, na yule ndege akafunguliwa mbawa. Ni hivyo tu: mbawa zimefungwa, ni ya zamani, zimefunguliwa, ni ya baadaye. Na ndege wa kipande cha juu lazima afanane na ndege wa kipande cha chini, namba zao vilevile, kwa sababu walizaliwa pamoja.

Klarineti ya kiongozi wetu juu ilikuwa na ndege aliyefunga mbawa, chini ndege aliyefungua. Niliona, nikasema. Ndiyo dhambi yangu yote.

Kiongozi huyo tunamwita Kifimbo, kwa sababu kile kifimbo cha kuongozea bendi hakimtoki mkononi hata akienda kunyoa. Mshike vizuri jina lake, maana hatujamalizana naye.

Nilipotoka kwa mama wa pasi nikakuta ujumbe kwenye simu. Baba mkwe ananiita. Nikajua tayari, mke amelainika, naitwa kuja kumchukua. Nikaoga, nikavaa shati la harusi.

Kumbe.

Baba mkwe ni mpima ardhi mstaafu, na mpaka leo kwake kila kitu kina mpaka. Kuna kiti chake, kuna viti vya wageni, na kuna kiti cha wakwe ambacho kipo karibu kabisa na mlango.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa. Si hapo. Hapo."

Nikakaa hapo.

"Umesikia habari za ukumbi?"

Nani hajazisikia? Mji wetu unajenga ukumbi wa muziki. Paa halijafika upande wa nyuma na vyoo havina milango, lakini kamati iliona jina haliwezi kusubiri. Ikaamuliwa ukumbi upewe jina la mpiga klarineti wa kwanza wa bendi ya mji. Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa, kwa sababu wapiga klarineti walikuwa wawili: baba yake baba mkwe wangu, ambaye mke wangu anamwita Babu, na baba yake Kifimbo. Kila ukoo unaapa kwamba mzee wake ndiye aliyetangulia na yule mwingine alikuja kubeba mabegi.

"Kamati imekata shauri," baba mkwe akasema. "Wazee wenyewe hatuwezi kuwauliza, wameshatangulia mbele ya haki. Watazitazama klarineti zao. Ya zamani zaidi ndiyo inayoshinda. Na atakayezitazama ni wewe."

"Mimi? Kifimbo amekubali?"

"Amekubali kwa furaha. Ukisema yangu ndiyo ya zamani, atapiga kelele kwamba umempendelea baba mkwe wako. Ukisema yake, ameshinda. Mwamuzi wa namna hiyo utamkataaje?"

"Na wewe, baba? Umekubali kwa nini?"

"Kwa sababu una mke," akasema, "na mke wako yuko chumbani kwangu."

Kisha akainuka akaenda kwenye kabati la vioo. Klarineti ya Babu ililala katikati ya glasi za harusi ambazo hazijawahi kunywewa. Akaitazama bila kuigusa.

"Sikwambii useme uongo, mkwe wangu. Nakwambia useme vizuri. Na usisahau kilio."

Nisingeweza kukisahau kilio hata ningetaka. Katika wimbo ambao bendi hufungia nao kila shughuli, katikati kabisa kuna noti moja ndefu. Babu alipoifikia noti ile, ilitoka imepinda, inalegalega, kama mtu aliyezuia machozi yakamshinda. Watu walitoa leso. Ukoo wa baba mkwe unasema kilio kile Mungu alimpa Babu peke yake. Cha ajabu, ukoo wa Kifimbo nao unasema hivyohivyo kuhusu mzee wao. Na Kifimbo alitufundisha bendi nzima kuipinda ile noti kwa heshima ya marehemu baba yake. Ukithubutu kuipiga sawasawa, unahamishiwa nyuma ya ngoma kubwa.

Mke wangu akaingia na trei ya chai.

"Karibu chai," akaniambia.

Nilikaribishwa chai na mke wangu mwenyewe kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Iliniuma kuliko kuvuliwa sare.

Alinisindikiza mpaka getini. Nikajaribu kumshika mkono, akauficha kwenye khanga.

"Sikiliza," akasema. "Mimi sitaki mshinde wala mshindwe. Ukumbi wauite hata Jogoo, sijali. Ninachotaka ni kimoja. Siku moja tu, uone jambo, ulijue, ukae nalo. Kuishi na wewe ni kama kuishi kwenye nyumba isiyo na mlango. Kila kilichomo ndani kipo barabarani."

"Nikiweza, utarudi?"

"Kwanza uweze."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye ule ukumbi usio na paa la nyuma nikiwa na lenzi mfukoni na ndoa yangu ikining'inia kwenye ulimi.

Watu walijaa. Ukoo wa baba mkwe ulikaa kushoto, wa Kifimbo kulia, na katikati wamekaa wale wanaokwenda popote penye viti vya bure. Mama Mwenyekiti wa kamati, mwanamke mnene mwenye sauti ya king'ora, alitangaza kwamba mwamuzi atazikagua klarineti kwenye chumba cha nyuma, na kwamba hakuna ndugu wa upande wowote atakayeruhusiwa kuingia.

"Lakini anahitajika mtu wa kuzifungua, kuzifuta na kuzifunga," nikasema. "Mikono yangu inatoka jasho."

Kamati ikanong'onezana. Mwisho Mama Mwenyekiti akamnyooshea kidole mke wangu.

"Huyu. Amemkimbia mwamuzi, kwa hiyo hawezi kumpendelea. Ni ndugu, sawa, kanuni tutaipindisha kidogo: ni mtoto wa huyu mzee, kwa hiyo klarineti anazijua. Hapa ukumbini hakuna mtu wa haki kumshinda."

Nilidhani Kifimbo atapinga. Akacheka. "Yeyote aliyemkimbia Lenzi ni rafiki yangu," akasema.

Lakini kabla sijaingia chumbani akanivuta pembeni. Alikuwa na kitu kipya mkononi, mbali na kifimbo: kioo cha kukuzia, kikubwa, kile ambacho wazee wanasomea gazeti. Alikinunua baada ya mimi kumwaibisha, na nasikia tangu hapo alikuwa anaamka navyo na kulala navyo, kioo na klarineti.

"Ndege wangu wote wamefunga mbawa," akaninong'oneza. "Juu amefunga, chini amefunga. Mji mzima nimeuambia hivyo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Hongera kwa kuelewa."

Chumba cha nyuma kilikuwa na meza, makopo ya rangi na ngazi ya fundi paa. Sanduku la Kifimbo lilikuwa na kitambaa chekundu ndani, la baba mkwe kitambaa cha kijani. Mke wangu akafungua klarineti zote mbili, kila moja akaiweka vipande mbele ya sanduku lake. Alifanya hivyo bila kunitazama, kwa mikono iliyozoea. Utotoni ndiye aliyekuwa anamfutia Babu klarineti yake.

Nikaanza na ya Kifimbo. Kipande cha juu, ndege amefunga mbawa. Kipande cha chini, amefungua. Kama nilivyosema siku ile. Nikafurahi peke yangu.

Nikahamia ya baba mkwe. Kipande cha juu, ndege amefungua mbawa.

Kipande cha chini, amefunga.

Nikaitoa lenzi jichoni, nikaifuta kwenye shati, nikairudisha. Nikasoma namba. Namba ya kipande cha juu cha Kifimbo ndiyo namba ya kipande cha chini cha baba mkwe. Namba ya kipande cha juu cha baba mkwe ndiyo namba ya kipande cha chini cha Kifimbo.

Nikazisoma tena, kidole juu ya kila namba.

Hazikuwa klarineti mbili mbovu. Zilikuwa klarineti mbili nzima zilizobadilishana miguu.

Na haikuishia hapo. Nyuma ya vipande, karibu na mahali dole gumba linapokaa, kuna herufi. Zamani bendi za gwaride zilipiga kwa sauti ya juu kidogo na bendi za ukumbini kwa sauti ya chini, na kiwanda kiligonga herufi kwenye mti ili watu wasizichanganye. Vipande vya ndege aliyefunga mbawa vilikuwa vya sauti ya juu. Vya yule aliyefungua vilikuwa vya sauti ya chini. Kwa hiyo kila mzee alikuwa anapuliza chombo kimoja chenye nia mbili. Juu kinavuta huku, chini kinavuta kule, na mahali vinapokutana, kwenye ile noti ndefu, lazima kilegelege.

Kumbe ndicho kilio! Vizazi viwili vimetoa leso kwa sababu ya vipande viwili vya mti visivyoelewana.

Nikaona jinsi ilivyotokea, kama nilikuwepo. Wapiga klarineti wakimaliza wanazifungua, wanapitisha kitambaa ndani, wanaviacha vipande mezani vipate hewa. Wazee wale walikaa kiti kwa kiti. Siku moja kila mmoja akaokota kipande cha mwenzake. Mtu mwingine yeyote angesikia tofauti kesho yake akamuuliza jirani: bwana, hebu nione yako. Lakini wale walikuwa hawasemezani. Kila mmoja alikufa hajauliza.

Sasa ungamo lenyewe. Nilikuwa nimeahidi kuona, kujua na kukaa nalo. Nilikaa nalo kwa muda wa kumeza mate.

"Mke wangu," nikanong'ona, "njoo uone maajabu."

Nikamwambia yote. Ndege, namba, herufi, kilio. Nilipomaliza ndipo nilipokumbuka, nikajifunika mdomo kwa kiganja.

"Umeshindwa hata kabla hujaanza," akasema.

"Wewe ni mke wangu. Wewe si watu."

Akanikata jicho, lakini pembe moja ya mdomo wake ilicheza. Kisha uso ukambadilika. Akakishika kipande cha chini cha sanduku la kijani, akamtazama yule ndege.

"Kwa hiyo Babu hakuwa anakosea?"

"Hakuwa anakosea. Hii hakuna binadamu angeweza kuipiga sawasawa."

"Watu walimlilia," akasema polepole. "Lakini nyumbani, akiwa peke yake uani, alikuwa anaufikia mstari ule anasimama. Anarudi nyuma, anajaribu tena. Anasimama. Halafu anaiweka klarineti chini anatazama vidole vyake. Nilikuwa mdogo, nikamuuliza, Babu una nini? Akaniambia, mjukuu wangu, vidole vyangu vina kasoro, usimwambie mtu." Machozi yakamtoka bila sauti. "Amekufa akiamini hivyo. Sifa zote zile, na moyoni anajua anaharibu."

Nikaiweka lenzi mezani.

Kifimbo akagonga mlango kwa kifimbo chake. "Mwamuzi! Watu wanasubiri!"

"Nenda," mke wangu akasema, akijifuta uso kwa khanga. "Nenda kawaambie utakaloweza. Mimi nitazifunga."

Nikapanda jukwaani. Kushoto baba mkwe amenikazia macho yake ya kupimia mipaka. Kulia Kifimbo anapunga kioo chake. Mama Mwenyekiti akanisogezea kipaza sauti.

"Mwamuzi, tuambie. Ipi ni ya zamani?"

Wapenzi wasomaji, mnajua ninavyokuwa. Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na habari ambayo ingeuangusha ukumbi mzima, hata ule upande wenye paa. Nikakumbuka trei ya chai.

"Zote mbili zimetoka kiwanda kimoja," nikasema. "Zote ni za mpingo. Zote zina uzee ndani yake. Siwezi kusema kwa haki ipi imemtangulia mwenzake."

Haikuwa uongo hata chembe. Kila moja ilikuwa na nusu ya uzee.

Ukumbi ukaguna. Baba mkwe akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa kiwanja bondeni. Lakini mimi nilisimama pale na jambo langu tumboni, limenikaa zito kama jiwe, na limekaa. Nikageuka kumtafuta mke wangu nimwonyeshe. Alikuwa anatoka chumba cha nyuma na masanduku mawili, ametulia kabisa.

"Haya!" Mama Mwenyekiti akapaza king'ora chake. "Alama zimeshindwa, masikio yataamua! Kila ukoo upige wimbo wa kufungia. Chombo chenye kilio cha kweli ndicho kinachoupa ukumbi jina!"

Makofi yakalipuka. Kifimbo akawahi kulifungua sanduku jekundu. Bendi yangu ya zamani ikakaa sawa nyuma yake kumsindikiza, na mimi nikamkatia tiketi ya ushindi, maana kwa kujipindapinda jukwaani hana mpinzani.

Akaanza vizuri. Akaufikia mstari. Akafumba macho, akainua klarineti juu, akapuliza ile noti ndefu.

Ikatoka imenyooka.

Safi, tamu, imenyooka kama kamba ya fundi. Nyuma yake bendi nzima, iliyofundishwa kwa miaka kupinda, ikapinda. Watu wote wakalia isipokuwa mwenye kilio. Mtoto mmoja akacheka kwa nguvu, mama yake akamziba mdomo.

Kifimbo akaitoa klarineti kinywani, akaitazama kama imemtukana.

"Ha!" baba mkwe akaruka kutoka kitini. "Mmesikia? Haina kilio! Sasa msikieni baba yangu!" Akainyakua ya kwake kwenye sanduku la kijani, akapuliza mwenyewe, mashavu yanatetemeka. Akaufikia mstari.

Imenyooka vilevile.

Wengine mtaona ni kichekesho. Mimi nilikuwa namtazama mke wangu. Alisimama mlangoni pa chumba cha nyuma na kitambaa cha kufutia mkononi, analia na kutabasamu kwa pamoja. Alikuwa anaisikia klarineti ya Babu yake isiyo na kasoro, vidole vyake visivyo na kasoro. Hapo ndipo nilipojua amefanya nini. Alihamisha vipande viwili vya chini, basi. Kazi ya kufumba na kufumbua.

"Uchawi!" mtu akapiga kelele kulia.

"Wameiharibu!" mwingine akajibu kushoto.

Kifimbo alikuwa ameshapiga magoti na kioo chake cha gazeti juu ya klarineti. Akageuza, akageuza tena. Kisha akaruka juu.

"Huyu si ndege wangu! Ndege wangu wa chini alikuwa amefungua mbawa! Huyu amefunga!"

Watu wakageukiana.

"Kiongozi," Mama Mwenyekiti akasema taratibu, "si ulituambia ndege wako wote walikuwa wamefunga?"

Kifimbo akafungua mdomo kama samaki.

"Na kama sasa wote wamefunga," Mama Mwenyekiti akaendelea, "basi yako ndiyo ya zamani kamili. Kwa kanuni yetu umeshinda."

"Ameshinda kwa nusu ya baba yangu!" Baba mkwe alikuwa tayari jukwaani. Amekiona kipande chake cha chini mkononi mwa Kifimbo, na mpima ardhi hawezi kuvumilia kuona kilicho chake ng'ambo ya mpaka. "Nani aliyezigusa? Nani alikuwa chumbani?"

Macho yote yakanigeukia mimi. Kisha, nikaona kwa hofu, mengine yakaanza kumgeukia mke wangu.

"Nasema hivi mbele ya watu wote," baba mkwe akanguruma, "aliyenivunjia klarineti ya baba yangu hatakanyaga nyumbani kwangu tena. Awe nani, awe nani. Hata awe wa damu yangu. Leo hii atatafuta pa kulala."

Hebu nisaidieni hapo. Mnauona mtego?

Nikisema kweli, kweli tupu, ile ambayo mdomo wangu umezaliwa kuisema, mke wangu anafukuzwa kwa baba yake leo hii. Na akifukuzwa, ana nyumba gani nyingine duniani zaidi ya yangu? Mdomo ulionifukuzisha mke ndio huohuo ungemrudisha. Sikuwa na haja hata ya kutunga. Ningesema tu.

Nikisema uongo, nafukuzwa mimi, na yeye anabaki upande ule wa geti.

Nikamtazama. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa, hakuweka kidole mdomoni. Alinitazama tu, kitambaa mkononi, anasubiri kuona mume wake ni mtu gani.

"Ni mimi, baba," nikasema. "Peke yangu. Yeye alikuwa amegeukia dirishani."

Chumba kile hakina dirisha. Ndivyo anavyosema uongo mtu asiye na mazoezi.

Lakini walikuwa na hasira mno kukumbuka madirisha. Kifimbo akanikamata ukosi kwa mkono mmoja, kifimbo kwa mwingine. Baba mkwe akanitolea kidole puani. Mama Mwenyekiti akaita askari wa zamu. Klarineti zikaanza kuvutwa huku na kule, na mtu wa kulia akamrushia kiti mtu wa kushoto.

Nikapinda shingo ndani ya ukosi wangu, nikaangalia upande wa nyuma usio na paa, pale ukuta haujainuka. Mke wangu alikuwa ameshatoka nje. Amekiweka kitambaa begani, anatembea bila haraka kuelekea geti la ukumbi.

Mbele ya geti lile barabara inagawanyika. Kulia ni kwa baba yake, kushoto ni kwangu.

Akafika pale pale kwenye njia panda, akasimama, akavua kiatu kimoja, akakikung'uta mchanga.

"Usipepese macho hapa!" Kifimbo akanizungusha kichwa kwa nguvu, na nilipofanikiwa kukirudisha, pale njia panda palikuwa patupu.